Mama mkwe hajakuroga, baba

Barua yako nimeisoma, baba wa Morogoro. Unasema mkeo kachukua watoto karudi kwao Kilosa, kisa kijiti kimoja cha bangi jioni, cha kutuliza mawazo baada ya bodaboda. Unasema pia usiku moyo unakwenda mbio, majirani wanakusengenya dirishani, na unaamini mama mkwe kakufanyia kitu. Pole kwa upweke.

Ila kijiti kimoja si kweli. Katikati ya barua umetaja na cha asubuhi kabla ya kwenda kijiweni. Ada ya mtoto nayo hukumbuki kama ulilipa.

Mama wa watu mwache. Bangi ina kemikali iitwayo THC. Ukivuta, inafika kwenye ubongo ndani ya dakika chache na mapigo ya moyo yanapanda. Hiyo mbio ya kifuani umeinunua kwa hela yako. Kusahau nako ni huko huko, maana THC inavuruga uwezo wa ubongo kushika mambo mapya. Halafu na kichwa hicho unapakia abiria!

Kinachonitisha ni hizo sauti za majirani unazosikia dirishani. Anayevuta kila siku, hasa aliyeanza akiwa mdogo, na wewe umeanza darasa la saba, yuko karibu zaidi na maradhi ya akili ya kusikia visivyokuwepo na kushuku kila mtu. Umeandika kwa mstari mmoja tu kwamba saa nane usiku ulisimama mlangoni na panga. Mstari mmoja! Mkeo alikuwa ndani na watoto. Kuondoka alifanya vyema, na ningekuwa jirani ningembebea begi.

Wanaume wa siku hizi kila kitu mnakiita mawazo. Mke naye ana mawazo ya kodi, ya ada, ya homa ya mtoto, na bado asubuhi uji uko mezani.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda hospitali ya mkoa, kitengo cha afya ya akili, umweleze daktari sauti na bangi bila kupunguza. Ukiacha, wiki ya kwanza usingizi utapotea, hasira zitapanda, chakula hakitapita. Wengi hupata nafuu baada ya wiki mbili hivi. Panga mpe kaka yako akuwekee. Kilosa usiende kwanza. Uliza shuleni kuhusu ada, kama inadaiwa ilipe huko huko, risiti mtumie mama mkwe.