Bodi mpya ijaribiwe maji mafu

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni kitu gani kipya tumekijaribu mwaka huu na tungemwambia nini mwenzetu anayetaka kukijaribu. Changu ni bodi mpya ya mawimbi, ile unasimama juu yake wimbi likusukume mpaka ufukweni, niko Malindi, na la kumwambia mwenzangu ni moja kubwa, chukua bodi inayofaa maji ya kwenu na uachane na ile uliyoiona kwa simu.

Manake vijana wakitazama video za Hawaii wanataka kale kafupi kenye pua kali, na mgeni akimaliza likizo hataki kukalipia kwa ndege basi anakaacha kwa bei rahisi, kijana anakimbilia. Sasa kale kanataka wimbi lenye nguvu hasa. Sisi huku, fukwe za Silversands na Casuarina zina mwamba mbele, ndio hiyo hifadhi ya bahari tangu 1968, wimbi linavunjikia huko nje na pwani maji yametulia. Lakini hapa mbele ya mji, ukitoka jeti kuelekea mto Sabaki, mwamba haupo, kwa hivyo upepo wa kusi ukishika, Julai na Agosti hivi, mawimbi yanaingia ghuba moja kwa moja. Yanaingia ndio, lakini ni mawimbi ya upepo, yanafuatana karibu karibu na hayana msukumo mkubwa, bodi fupi inazama chini yako, unapiga mikono mpaka mabega yanawaka na wimbi limeshapita zamani.

Yangu ni futi 8, upana inchi 22, unene inchi 3. Nimeinunua kwa Mtaliano aliyekuwa anafunga nyumba arudi kwao. Kabla ya kutoa pesa niliibonyeza juu kote kwa kidole gumba, pahali pakibonyea ujue faiba imeachana na foma ya ndani, halafu nikaigeuza nitafute madoa ya kahawia, hayo ni maji yameingia kwa ufa. Nikampelekea fundi wa boti za faiba aitazame, na hapa naomba msikilize vizuri, siku ikipasuka muulizeni kwanza ndani ni foma gani, kama ni ile nyeupe ya chengachenga ya maboksi ya samaki basi resini ya kawaida ya maboti, ile gundi ya kushikisha faiba, inaiyeyusha kabisa, lazima atumie resini ya epoksi. Kuna bodi nzuri zimekufa hivyo na inauma kweli.

Nta pia, ile ya kupaka juu ya bodi mguu ushike. Ile anayoacha mgeni mara nyingi ni ya maji baridi, kwa bahari yetu inayeyuka inakuwa ute tu na mguu unateleza, tafuta ile ngumu ya nchi za joto, paka kwa kuzungusha mpaka iote vipele vipele.

Siku ya kuingia nilimuuliza ami yangu, mvuvi. "Ami, nataka kujaribu bodi, niingie lini?" Akaniambia, "Ngoja maji mafu mwanangu, mwezi mwandamo ukiwa siku 9 hivi, maji ya bamvua yakianza kutoka yatakuvuta." Na ni kweli tupu, kwa maji mafu, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kidogo, mkondo ni mpole, si kama bamvua inapojaa na kupwa sana, na huku kwetu yanajaa mida ya saa nne, saa tano asubuhi, kwa hivyo ukiingia saa mbili maji yanapanda, upepo bado haujawa mkali, na hata ukichoka yanakurudisha pwani. Ukae mbali na jeti lakini, kule kuna maboti na nyavu, ile kamba ya mguuni inayokufunga na bodi ikinasa kwa wavu ni hatari.

Sikukimbilia mawimbi ya nje. Nilianza kwa lile povu la wimbi lililokwisha kuvunjika, maji ya kifuani, nilale tu nisikie bodi inataka nini. Kila bodi ina pahali pake pa kulala na ukizoea moja mwili unakwenda kule kule kwa ile ya zamani. Hii ukisogea mbele kiganja kimoja tu pua inachimba, ukirudi nyuma inasimama kama inapiga breki. Nilisogea kidogo kidogo mpaka pua ikawa juu ya maji upana wa vidole vitatu, nikaweka donge la nta pale kidevu kinapofika, tangu hapo nikilala naangalia donge basi. Halafu mapezi. Kabla ya Tom Blake, Mmarekani, kubandika pezi chini ya bodi mwaka 1935, bodi zilikuwa zinateleza upande kama mashua iliyong'olewa mkuku, hii yangu ina matatu, na nilipopata wimbi la kijani la kwanza, yaani ambalo halijavunjika bado, nikasimama nikaegemea mguu wa nyuma kidogo tu, nikayasikia yameng'ata maji bodi ikakata kulia kuufuata uso wa wimbi, mwenyewe nikapiga ukelele. Hiyo raha siwezi kuificha jamani.

Kwa hivyo mwenzangu, bodi mpya usiihukumu kwa wimbi la kwanza wala la pili, ipe asubuhi nzima, na kama ya kwanza kwako katika maisha tafuta hata ndefu zaidi ya yangu, futi 9 yenye sponji juu, haiumizi mtu ikikugonga. Ukitoka ioshe maji ya bomba yasiyo na chumvi na iweke kivulini, jua la saa saba linaachanisha faiba na foma. Yangu naiazima vijana wa mtaa Jumamosi ikiwa maji ni mazuri, masharti ni wawe wanajua kuogelea na warudi kabla maji hayajaanza kupwa.