Meneja anataka ngono ndipo akuongezee mkataba

Dada wa Kigoma, umeandika kwamba meneja wa hoteli hapo Mwanga anataka mlale pamoja ndipo akuongezee mkataba, na shangazi anakwambia unyamaze. Shangazi msalimie tu. Hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usifute hata meseji moja. Akikupangia pa kukutana, pita kwanza TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa; wao ndio wanajua kumtega. Ukienda peke yako atakana, nawe huna shahidi. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, hutoa msaada wa kisheria bure: wapigie. Akikushika kwa nguvu, nenda dawati la jinsia polisi siku hiyohiyo. Na barua ya kuacha kazi usiandike.