Stagg Field: uwanja uliobeba kinu cha nyuklia

Umeuliza kama ni kweli kwamba kinu cha kwanza cha nyuklia duniani kilijengwa kwenye uwanja wa mpira wa chuo. Ni kweli, na uwanja wenyewe ni Stagg Field wa Chuo Kikuu cha Chicago, uliopewa jina la Amos Alonzo Stagg, kocha aliyeifundisha timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo hicho kwa miaka 40.

Chuo kilipoufuta mchezo huo mwaka 1939, majukwaa yalibaki bila watazamaji, na ndipo chini ya jukwaa la magharibi, katika ukumbi uliokuwa wa kuchezea skwoshi, kundi la mwanafizikia Enrico Fermi likapanga tabaka juu ya tabaka matofali ya grafiti, ile kaboni nyeusi ya kwenye penseli, yenye urani, fueli ya nyuklia, ndani yake, huku vumbi jeusi likiwaganda wafanyakazi usoni kama wachimba makaa. Tarehe 2 Desemba 1942 kinu kikaanza kufanya kazi.

Majukwaa yalibomolewa mwaka 1957, uamuzi ninaousikitikia sana. Leo pana Maktaba ya Regenstein na, kando yake, sanamu ya shaba, kazi ya mchongaji Henry Moore, iliyozinduliwa mwaka 1967.