Swali la lugha: Mawimbi na chembe, vinaingiliana au vinaathiriana?

Swali: Ninafundisha fizikia hapa Dodoma na ninaandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu magnetosfia, yaani eneo la anga linalotawaliwa na sumaku ya Dunia. Nimeandika: "Kusoma mwingiliano wa mawimbi ya redio ya masafa mafupi na chembe zilizochajiwa." Mwenzangu anasema sentensi inapotosha. Kosa liko wapi?

Jibu: Mwenzako amesema kweli, na kosa zito liko kwenye "mwingiliano".

Msikilizaji wa redio akisema mawimbi yanaingiliana, ana maana stesheni mbili zinasikika mahali pamoja na moja inaivuruga nyingine. Akisoma sentensi yako, atadhani chembe zinakwaruza matangazo. Huko juu mambo ni mengine kabisa. Elektroni, chembe ndogo yenye chaji hasi, huuzunguka mstari wa uga wa sumaku (njia inayoonyesha sumaku ya Dunia inavyoelekea) huku ikisafiri kuufuata. Juu ya ikweta, umbali wa nusukipenyo 4 za Dunia kutoka kitovuni, huzunguka takriban mara 14,000 kwa sekunde. Wimbi ambalo mdundo wake, kama elektroni inavyoukuta ikiwa mwendoni, unalingana na mzunguko huo, huisukuma kila mara kwa wakati uleule, kama mtu anayesukuma bembea. Hapo nishati hupita kwa pande zote mbili: wimbi huweza kuipa elektroni kasi au kuipotosha njia hadi imwagike chini kwenye angahewa, na elektroni nazo huweza kulikuza wimbi. Kati ya 1973 na 1988 kituo cha utafiti cha Siple, Antaktika, kilirusha mawimbi ya kilohezi chache (maelfu machache ya mitetemo kwa sekunde) yakafuata mistari ya sumaku hadi Roberval, Kanada. Baadhi yalifika yakiwa yamekuzwa njiani na elektroni, nguvu ikiongezeka hata mara 1,000.

Kitenzi kinachoibeba habari hiyo ni *kuathiriana*. Kiambishi -an- kinasema kila upande unamtenda mwenzake. Usiandike "wimbi linaingilia chembe", kwani kuingilia ni kujitia katika shughuli isiyokuhusu, na ni kwa upande mmoja tu. Nomino "mwingiliano" siifuti, imeshaenea madarasani. Ila ukiitumia taja pande mbili wazi, "mwingiliano kati ya mawimbi na chembe", na uiandike kwa *mw-*, si "muingiliano". Tena mawimbi na chembe ni ngeli tofauti, kwa hiyo zikiwa kiima kwa pamoja upatanisho ni *vi-*: mawimbi na chembe vinaathiriana.

Sasa "zilizochajiwa". Simu huchajiwa, betri huchajiwa: ilikuwa tupu, mtu akaijaza. Elektroni haikujazwa na mtu. Chaji hasi ni sehemu ya umbile lake, wala haiishi. Andika *chembe zenye chaji*. Kama unazungumzia atomu iliyopoteza elektroni ikawa ioni, hapo kuna badiliko, na unaweza kusema *imepata chaji chanya*.

"Kusoma" kunafaa kitabu au somo. Jambo la asili *huchunguzwa*.

"Masafa mafupi" ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni. Neno masafa lina maana ya umbali, na lina maana ya idadi ya mitetemo kwa sekunde. Katika lugha ya redio, masafa mafupi ni mawimbi mafupi kwa urefu, ya megahezi 3 hadi 30, ambayo wasikilizaji wa zamani walipokelea matangazo ya mbali. Mawimbi yanayochunguzwa sana katika magnetosfia ni ya kilohezi 3 hadi 30, yaani mara 1,000 chini ya hayo, na urefu wa wimbi moja ni kilomita 10 hadi 100. Ukiyaita mafupi umegeuza maana. Sema *masafa ya chini sana*. Kwa mitetemo tumia "chini" na "juu". "Fupi" na "refu" waachie urefu wa wimbi.

Sentensi yako, basi: "Kuchunguza jinsi mawimbi ya redio ya masafa ya chini sana na chembe zenye chaji vinavyoathiriana katika magnetosfia ya Dunia."