Saa mbili kwenye makumbusho ya mkoa
Umeuliza kama saa mbili zinatosha kutembelea makumbusho ya mkoa yenye jumba la sanaa ndani yake. Zinatosha, mradi usijilazimishe kuona kila kitu. Anza na picha, akili ikiwa bado haijachoka. Vyungu na zana za kale unaweza kuviacha vya mwisho.

Usishangae ukikuta chumba kina giza. Mwanga hufifisha nguo, karatasi na michoro ya rangi za maji, na rangi ikishapotea hairudi. Ndiyo maana vitu hivyo huwekewa mwanga wa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwangaza), ilhali picha za rangi za mafuta huvumilia kama 200. Simama kidogo macho yazoee. Kwa sababu hiyohiyo michoro ya karatasi hupumzishwa stoo kwa miezi, kwa hiyo kama kuna mmoja unaoufuata hasa, piga simu kwanza uulize kama umetundikwa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni ile namba ndogo kwenye kibao cha maelezo. Makumbusho mengi huiandika hivi: 1987.14.3, yaani mwaka kitu kilipopokewa, kundi la ngapi mwaka huo, na kitu cha ngapi katika kundi hilo. Ukiona vitu kadhaa vyenye mwanzo mmoja, ujue viliingia pamoja, pengine kutoka kwa familia moja. Muulize mhudumu vilitoka kwa nani. Wengi wao hufurahi sana kuulizwa swali la namna hiyo.