Kabla hujampandisha mama ndege kwa tiketi ya standbai

Simu iliita saa saba usiku. Mama alikuwa kwenye uwanja mmoja wa Ghuba, akitokea Uingereza alikokwenda kumhudumia dada yangu mpaka alipotoka arobaini. "Mwanangu, wamefunga mlango, mimi nimebaki huku." Namba haikuwa yake, simu yake ilishazima chaji. Ilikuwa ya kijana wa Kikenya anayesukuma viti vya magurudumu pale uwanjani. Alimwona mama mtu mzima mwenye mtandio amekaa peke yake mbele ya geti tupu, akamsogelea, akamwamkia shikamoo. Mama aliniambia baadaye kwamba aliposikia neno hilo ndipo machozi yalipomtoka.

Wakati ule nilikuwa na miaka sita kwenye kaunta ya abiria, uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Kila siku nilikuwa nawaambia watu, "Subirini pembeni mpaka tufunge ndege," lakini mama yangu mzazi sikuwahi kumkalisha chini nikamweleza maana yake. Nilimwambia tu, "Mama, tiketi tayari." Akaaga majirani, akapanda. Kwenda alifika salama. Kurudi alilala uwanjani siku mbili, dawa zake za presha zikiwa ndani ya sanduku lililokwishafungwa lebo ya Dar na ambalo hakuweza kulifikia.

Naandika haya kwa wenzangu mlioajiriwa juzijuzi kwenye mashirika ya ndege, na zaidi kwa wazazi, wake, waume na watoto wenu, maana wao ndio wanaokwama.

Tiketi ya standbai, ile ya bei nafuu tunayopata sisi wafanyakazi wa mashirika ya ndege na familia zetu, haikupi kiti. Inakupa ruhusa ya kusubiri kiti ambacho hakikupata mnunuzi. Kodi na tozo za viwanja unalipa, na juu yake nauli ndogo. Ukipanda shirika lako, unalipa sehemu ndogo ya nauli ya kawaida. Ukipanda shirika lingine, kuna tiketi za ZED, zile ambazo mashirika yamekubaliana kuwauzia wafanyakazi wao kwa wao, na bei yake hupangwa kwa umbali wa safari. Hapo ndipo watu wanapoponzwa. Abiria wa kawaida akiona nauli imepanda mara tatu, anajua ndege inajaa. Sisi bei yetu ya Aprili na ya Julai ni ile ile, kwa hiyo haikuonyi chochote. Unaona safari rahisi, unanunua, kumbe ndege ilishajaa tangu mwezi uliopita.

Halafu kuna foleni ndani ya foleni. Wenye nauli kamili wote hupita kwanza, hata waliohamishwa kutoka ndege iliyoahirishwa jana. Wanafuata wafanyakazi wa shirika lenyewe wanaosafiri kikazi, kisha wafanyakazi wake na familia zao, kwa cheo au kwa miaka ya utumishi. Wa mashirika mengine wako mkiani. Mama alikuwa na ZED, yuko mkiani kabisa. Kila mfanyakazi wa pale aliyetokea dakika za mwisho na familia yake alimruka, na alikuwa na haki ya kumruka. Mama hakujua. Alidhani anaonewa kwa kuwa hajui Kiingereza, na wazo hilo lilimuumiza kuliko baridi ya uwanja.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kuuliza lodi, yaani ndege imejaa kiasi gani, na kuiuliza vizuri. Wengi huuliza "kuna viti vingapi?" wakijibiwa 14 wanafurahi. Swali la pili ndilo lenye uzito: "Na kwenye orodha ya standbai wapo wangapi, na mimi ni wa ngapi?" Viti 14 na watu 20 mbele yako ni sawa na hakuna kiti. Lodi ya wiki mbili kabla haina maana sana. Uliza siku tatu kabla, uliza jana yake, uliza asubuhi ya safari. Siku hizi kuna programu za simu ambazo wafanyakazi wa mashirika mbalimbali husaidiana kupeana lodi, zitumie, lakini kama unamfahamu mtu wa kaunta kule unakopitia, sauti yake ina faida zaidi. Yeye anajua kama ndege ya usiku uliopita ilikwama.

Ujue na majira. Mama alikuwa anarudi mwishoni mwa Julai. Watalii wa Ulaya wanaokuja Serengeti na Zanzibar hupitia Ghuba, na shule za Ghuba zimefungwa, kwa hiyo jamaa zetu walioko Oman na Emirati nao wanakuja kusalimia kwao Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa. Desemba kuanzia katikati usijaribu. Wiki za Idi usijaribu. Safari za Hija huwahi kwa kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usikariri mwezi, angalia kalenda. Masika, Aprili na Mei, ndiyo sherehe yetu sisi wa standbai: baadhi ya hoteli za pwani zinafunga, ndege zinapumua, unaweza hata kunyoosha miguu.

Kuna jambo moja ambalo hata mimi wa kaunta lilinishangaza. Mwaka wangu wa pili kazini niliachwa Nairobi, safari ndefu ya kwenda Ulaya mchana, na viti vitupu vilikuwapo. Nilivihesabu kwenye skrini ya mwenzangu: 11. Dada wa getini akanijibu kwa neno moja, uzito. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, na mabawa na injini havipati nguvu ile inayopatikana Dar, jirani na bahari. Ndege iliyojaza mafuta ya kuruka saa nane mfululizo lazima ipunguze kitu. Shehena ya maua imeshalipiwa na itanyauka ikibaki. Wenye nauli hawaguswi ikiwa kuna namna nyingine. Anayebaki ni wewe. Addis Ababa na Johannesburg ziko juu zaidi ya Nairobi, hivyo tegemea hali hiyo hiyo. Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua ndege ya usiku, wakati hewa imepoa.

Sasa njia. Siku hizi sipangi safari ya mtu wangu kabla sijajiuliza: akiachwa hapa, atalala wapi? Mtanzania akikwama Nairobi au Kigali haombi viza, anatoka nje, anakwenda kwa ndugu au nyumba ya wageni, na ikishindikana kabisa Nairobi kuna basi la kupitia Namanga hadi Arusha. Akikwama Zanzibar kuna boti, saa mbili yuko Dar. Lakini akikwama kwenye nchi asiyo na viza yake, viti vya chuma ndicho kitanda chake, na sanduku liko upande asioweza kwenda. Kwa mzazi, naona ni heri safari ndefu inayopitia kwa majirani kuliko fupi inayopitia mahali asipoweza kutoka. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti daima, kwa sababu anayeingia Tanzania akitokea Kenya huulizwa. Tangu Julai 2016 kadi hiyo haimalizi muda, usimchome mama sindano ya pili kwa sababu mtu wa mtaani kasema miaka 10.

Fedha ya akiba nayo si hiari. Kama huna uwezo wa kumnunulia mtu wako tiketi kamili ya kumrudisha nyumbani siku akikwama, basi safari hiyo bado hamjaimudu, hata kama ZED mmeilipia. Mimi nilikopa kwa wenzangu wa zamu ya usiku nikamtoa mama pale. Msitegemee fidia. Hata ile Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, ambayo abiria huidai wanapokataliwa kupanda, inasema haiwahusu wanaosafiri bure au kwa nauli ya punguzo isiyouzwa kwa umma. Na jambo lolote lenye tarehe, msiba, harusi, miadi ya daktari India, usaili wa chuo, linunulieni tiketi kamili. Nimeona baba akikosa kumzika mama yake kwa kung'ang'ania standbai ya Desemba. Sitaki kumwona mwingine.

Kuhusu ndugu, hapa panauma. Fomu ya shirika na ukoo wetu havifanani. Fomu ina nafasi ya mume au mke, watoto mpaka umri fulani, baba na mama. Mama mdogo aliyenilea Tanga miaka saba hana mstari pale, na nilipomweleza alinyamaza kwa muda. Mueleze mtu wa namna hiyo mapema, uso kwa uso, kabla hajasikia kwamba mwingine amesafiri. Na ukiombwa "umwingize" mtu, kataa siku hiyo hiyo. Mzee mmoja ninayemheshimu alitaka nimwandike mfanyabiashara wa Kariakoo kama kaka yangu ili apate kwenda Dubai kwa bei nafuu, na mimi nipate kitu kidogo. Nilimjibu, "Mjomba, ile ni sehemu ya mkataba wangu. Nikiitoa nje, kazi imekwenda." Alinuna miezi miwili. Najua wawili waliokubali, na hawapo tena uwanjani.

Nanyi mnaosafiri kwa jina letu, tusaidieni. Vaeni nadhifu, maana bado kuna mashirika yanayokataa kandambili na nguo zilizochanika. Msibishane na mtu wa kaunta, kwa sababu ripoti inarudi kwa mwajiri wetu, na adhabu tunaipata sisi. Msimwambie jirani yenu kitini mmelipa shilingi ngapi, yeye huenda ameuza ng'ombe. Mkipewa kiti cha katikati karibu na choo, kaeni. Na mkiambiwa mshuke wakati mmeshafunga mkanda, inukeni, chukueni begi, shukeni. Hutokea. Kama mko familia, amueni nyumbani nani atapanda kikipatikana kiti kimoja tu, nani atabaki na mtoto, na kila mtu awe na pasipoti yake, fedha yake na funguo yake. Kuamua hayo getini, dakika mbili kabla ya kufunga, ni kuanzisha ugomvi mbele ya watu.

Mama sasa husafiri na begi la mkononi peke yake. Dagaa na mchele hutangulia kwa mtu mwingine au havisafiri. Kibindoni ana mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe: dawa za wiki nzima, dola 100, chaja, na karatasi niliyoiandika kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, yenye namba yangu, jina la dawa zake, na maneno "Mimi ni abiria wa standbai, naomba uniambie ndege inayofuata ni saa ngapi."

Mei iliyopita aliachwa Nairobi. Nilikuwa zamu, naangalia orodha, nikaona jina lake halikupita, nikaanza kutafuta simu. Yake ikaita kwanza.

"Nimeachwa," akasema. "Nimeshamwonyesha yule binti karatasi, amesema ya kwanza ni saa moja asubuhi. Nakwenda kulala kwa mjomba wako South B. Chai nimekunywa. Wewe malizia kazi."