Je, kumlilia Mungu ni kukosa imani?

SWALI: Padri, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Wete. Msimu wa karafuu uliopita mume wangu alikuwa juu ya mkarafuu, tawi likakatika, akaanguka na kuumia uti wa mgongo, na tangu siku hiyo hajasimama. Tumevuka kwenda Unguja mara mbili kwa matibabu, na nimeuza mbuzi na cherehani yangu. Kanisani wapo wanaosema kwamba tungekuwa na imani angekwisha kupona, na mmoja aliniuliza ni dhambi gani tuliyoificha. Sasa nikipiga magoti maneno hayatoki; nalia tu, na mara nyingine namuuliza Mungu kwa hasira. Anayenisaidia kila siku kumgeuza mume wangu kitandani ni jirani yangu Muislamu, nako kanisani naambiwa kuwa hilo ni aibu. Je, imani yangu imekwisha?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni sana, wewe, mumeo na watoto.

Nianze na hilo la dhambi iliyofichwa, kwa sababu naona ndilo lililokuumiza kuliko hata umaskini uliowaingia. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu wakafa, kisha anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kuwa sivyo. Ni kweli kwamba hapo hapo aliwataka watu watubu, lakini wito huo aliwapa wote waliokuwa wamesimama wakimsikiliza wakiwa wazima, wala hakuwatwika lawama walioangukiwa. Mkarafuu una matawi mepesi kukatika, na kila mtu wa Pemba analijua hilo tangu utotoni. Sioni sababu ya mtu kuuacha ukweli huo akaanza kupekua nyumba yako akitafuta dhambi.

Kuhusu kulia na kuuliza kwa hasira, nakuomba ufungue Zaburi ya 13, inayoanza kwa kumuuliza Bwana atamsahau mtumishi wake hata lini. Zaburi hiyo humalizika kwa tumaini, lakini ile ya 88 haina hata hilo: inaanza kwa kilio na neno lake la mwisho ni giza. Waliokusanya Maandiko waliweza kuiacha, au kuiongezea mstari mmoja wa kuifariji, nao hawakufanya hivyo. Waliiweka miongoni mwa sala za watu wa Mungu kama ilivyo. Na Bwana wetu mwenyewe, alipokuwa msalabani, alipaza sauti akisema, “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?”, maneno yanayofungua Zaburi ya 22. Aliyekata tamaa kabisa na Mungu huacha kumsemesha. Wewe bado unamwita, hata kama ni kwa machozi na kwa ukali. Maneno yako yakikosekana, azima ya hizo zaburi, uzisome kwa sauti karibu na kitanda, mumeo naye asikie, kwa kuwa huenda naye ana maswali hayo hayo na anakuficha ili asikuongezee mzigo.

Wanaosema kwamba imani ingemsimamisha wamemsahau Mtume Paulo. Aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliomtesa mwilini, na jibu alilopewa ni, “Neema yangu yakutosha”. Mwiba haukuondolewa, na sijamsikia Mkristo yeyote akisema kuwa Paulo hakuwa na imani. Mwombeeni mgonjwa apone, naam, na matibabu msiyaache, lakini kupona kwake kusifanywe kipimo cha moyo wako.

Siku ukivuka tena kwenda Unguja, ukipata nafasi, ingia katika Kanisa Kuu la Kianglikana pale Mkunazini. Soko la watumwa lililokuwa pale lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa pale jiwe la msingi. Inasimuliwa kwamba altare imesimama mahali palipokuwa na mti wa kufungia watumwa na kuwachapa viboko, na sakafuni pametiwa alama. Hakuna aliyerudishiwa mwanawe aliyeuzwa kwa sababu kanisa limejengwa. Hata hivyo, mimi hupenda kukaa pale kimya, kwa kuwa waliojenga hawakupakimbia mahali pa maumivu wakatafuta kiwanja kisafi zaidi.

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya. Walipoanza kueleza sababu za mateso yake ndipo walipokosea, na mwisho Mungu akawakemea. Basi mwendee mzee wa kanisa umwambie wazi kwamba unahitaji mikono, si maelezo: watu wawili wa kupokezana kumgeuza mgonjwa, maana akilala ubavu mmoja muda mrefu atapata vidonda, na mtu wa kukaa naye Jumapili ili wewe uweze kwenda ibadani.

Na huyo jirani yako? Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alimtolea mfano Msamaria, mtu wa dini ambayo wasikilizaji wake waliidharau, aliyemfunga majeraha mtu ambaye kuhani na Mlawi walikwisha kumpita. Akibisha hodi kesho, mkaribishe, na unifikishie salamu zangu kwake.